Inawaka, Lakini Je, Ni Salama? Kupima na Kubadilisha Kiingilio cha Umeme cha Raiskuka

Mwaka jana nilimtengenezea mama raiskuka yake, lile jiko la umeme la kupikia wali. Ile sehemu ya nyuma unapochomeka waya ilikuwa imeungua, plastiki imekuwa nyeusi, na ukitaka iwake ilibidi uupinde waya kwa pembe fulani kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Nikanunua kiingilio kipya Kariakoo, nikasafiri nacho hadi nyumbani Morogoro, nikakaa chini na bisibisi, na jioni hiyo hiyo wali ukaiva. Mama akafurahi. Akawaambia majirani kwamba ile fizikia ya mwanawe hatimaye imeanza kulipa.

Wiki mbili baadaye akanipigia simu. Baada ya salamu akasema:

"Mwanangu, hili jiko ulilolitengeneza linanitekenya."

"Linakutekenya vipi, mama?"

"Nikiligusa bila ndala nasikia kama sisimizi wananitembelea mkononi. Nikivaa ndala, halina neno."

Nilijua palepale nimefanya nini. Wakati natoa kiingilio cha zamani, kibano cha waya mmoja kilikatika mkononi mwangu. Ulikuwa waya wa kijani na njano, yaani ethi. Sikuwa na kibano kingine, basi nikauzungushia tepu, nikausukuma pembeni, nikajiambia nitaurudia. Raiskuka ikawaka vizuri tu. Nikasahau.

"Mama, zima swichi ya ukutani, chomoa plagi, halafu usiiguse tena mpaka nije."

Makala hii ni yale ambayo ningepaswa kuyafanya siku ile ya kwanza. Nitakuonyesha kiingilio cha umeme kinavyofanya kazi, kwa nini kinaungua, jinsi ya kukipima na kukibadilisha, na kwa nini "mbona inawaka" si ushahidi wa chochote kuhusu usalama wako.

Kitundu chenye pini tatu

Geuza raiskuka, kompyuta ya mezani, monita, printa au amplifaya uangalie nyuma. Mara nyingi utaona kitundu chenye pini tatu bapa ndani yake. Hicho ndicho ninachokiita kiingilio. Umbo lake limewekwa na kiwango cha kimataifa kiitwacho IEC 60320, na ndani ya kiwango hicho kina jina lake: C14. Kichwa cha waya kinachoingia humo kinaitwa C13. Ndiyo maana waya wa kompyuta ya ofisini unaweza kuingia kwenye raiskuka ya nyumbani bila ubishi.

C14 kimekusudiwa kubeba hadi ampea 10 kwa volti 250, na pini zake zisipate joto la zaidi ya nyuzi 70 za Selsiasi. Vifaa vingine vinavyochemka zaidi, kama baadhi ya birika za umeme, hutumia ndugu yake C16, anayevumilia nyuzi 120. Utamtambua kwa kijibonge ndani ya kitundu, kinachozuia waya wa kawaida wa kompyuta usiingie. Ukikutana nacho, usikikate ili waya "uingie tu". Kimewekwa makusudi, na kiingilio kipya lazima kiwe cha aina ileile.

Pini mbili za pembeni ni za waya wa moto na nyutro. Pini ya kati ni ethi. Kwa waya za kisasa, kahawia ni moto, bluu ni nyutro, kijani na njano ni ethi. Waya za zamani za mtindo wa Kiingereza zilikuwa nyekundu, nyeusi na kijani. Lakini ndani ya raiskuka unaweza kukuta waya zote zimevalishwa soksi nyeupe ya kuzuia joto, kwa hiyo rangi zisikudanganye. Angalia herufi L na N na alama ya ethi zilizochapwa nyuma ya kiingilio, kisha thibitisha kwa kupima.

Kwa nini kinaungua

Chukua raiskuka ya wati 700. Umeme wetu Tanzania ni volti 230, kwa hiyo mkondo unaopita ni 700 ukigawanya kwa 230, yaani ampea 3 hivi. Kiingilio kinabeba 10. Sasa mbona kimeungua?

Jibu liko pale chuma kinapogusana na chuma. Joto linalozalishwa mahali hapo ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Mguso mzuri una ukinzani mdogo sana. Tuseme ni omu 0.01: utapata 3 × 3 × 0.01, yaani wati 0.09. Hata kidole hakitahisi. Sasa tuseme kichwa cha waya kimelegea, kimeingia mafuta na mvuke wa wali, na ukinzani umefika omu 1. Hapo unapata wati 9, na zote zimebanwa kwenye sehemu ndogo kuliko punje ya harage.

Halafu mambo yanajizungusha yenyewe. Joto linaongeza kutu juu ya chuma na kulegeza vibano. Kutu na ulegevu vinaongeza ukinzani. Ukinzani unaongeza joto. Plastiki inaanza kulainika, pini zinakaa upande, na unaanza ule mchezo wa kupinda waya. Kila ukiupinda unatoa cheche ndogo ndani, na kila cheche inaacha kovu.

Hapa kuna funzo ambalo watu wengi hulilipia mara mbili: kiingilio na waya vinaambukizana. Ukiweka kiingilio kipya halafu ukachomeka waya uleule uliolegea, ule ubovu unahamia kwenye kile kipya. Vivyo hivyo vile vibano vya ndani vilivyobadilika rangi. Kama kimoja kimeungua, kichunguze na mwenzake.

Waya usiowasha chochote

Nilipofika Morogoro niliifungua raiskuka na kupima kati ya pini ya moto na bati la nje. Panapaswa pasiwe na njia yoyote ya umeme. Multimita yangu ikaonyesha kama kiloomu 60. Umeme ulikuwa unavuja.

Kisa chenyewe ni cha kawaida. Ndani ya bamba la kupashia joto kuna waya mwembamba uliozungukwa na unga wa magnesiamu oksaidi. Unga huo ni kihami kizuri sana ukiwa mkavu, lakini unanyonya unyevu. Mahali penye mvuke na maji ya kuoshea mchele kila siku, mvujo mdogo si jambo la ajabu.

Sasa piga hesabu. Mtu aliyesimama pekupeku kwenye sakafu ya saruji, kutoka mkononi hadi mguuni, tumkadirie ukinzani wa omu 1,500. Ukijumlisha na omu 60,000 za mvujo, mkondo uliopita kwa mama ulikuwa 230 ukigawanya kwa 61,500, yaani karibu miliampea 3.7. Hao ndio sisimizi. Ndala zilikata njia ya kwenda chini, kwa hiyo sisimizi wakatoweka.

Lakini tuseme ule mvujo ungekuwa mbaya zaidi, omu 500 badala ya 60,000. Jumla inakuwa 2,000, na mkondo unaruka hadi miliampea 115. Kiasi hicho kinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa maneno mengine, mama hakuokolewa na ufundi wangu wala na breka ya ukutani. Aliokolewa na bahati kwamba kihami kilikuwa kimeharibika kidogo tu.

Na breka je, si ingekata? Haingekata. Breka ya kawaida ya ampea 16 inasubiri mkondo uzidi ampea 16. Miliampea 115 ni ampea 0.115, kwa breka hicho ni kitu kidogo mno. Breka ya namna hiyo iko pale kulinda nyaya za nyumba zisiungue. Haijatengenezwa kukulinda wewe.

Anayekulinda wewe ni ethi. Waya wa ethi unaliunganisha bati la nje na ardhi kwa njia yenye ukinzani mdogo sana. Umeme ukivuja, unapita huko, na bati linabaki karibu na volti sifuri hata ukiligusa na mikono imelowa. Mvujo ukiwa mkubwa, mkondo unaopita kwenye ethi ndio unaoamsha kifaa cha kukata umeme.

Tatizo la ethi ni kwamba kazi yake haionekani. Ukikata waya wa moto, kifaa kinazima. Ukikata nyutro, kinazima. Ukikata ethi, wali unaiva kama kawaida, leo, kesho, na mwaka mzima, mpaka siku ile kitu kingine kiharibike. Nilipokwenda kwa fundi wa mtaani kwetu kuomba kibano, mzee huyo alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Kijana, ethi haiwashi taa," akaniambia. "Ndiyo maana wote mnaisahau."

Kabla hujashika bisibisi

Unahitaji multimita ya kawaida yenye kipimo cha omu, bisibisi, koleo, vibano vipya vya bapa vinavyolingana na pini za nyuma ya kiingilio (upana wa kawaida ni milimita 6.3 au 4.8), soksi za kuzuia joto kama zile zilizomo, na kiingilio kipya. Kwa kiingilio, nenda dukani na kile cha zamani mkononi. Vingine vinafungwa kwa skrubu mbili zilizo umbali wa milimita 40, vingine vinajibana vyenyewe. Angalia kimeandikwa 10A 250V.

Sheria zangu ni tatu, na sina msamaha nazo:

1. Plagi itoke ukutani kabisa, na waya utoke kwenye raiskuka. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Waya uliochomolewa uweke mbele yako mahali unapouona muda wote.
2. Subiri kifaa kipoe na kikauke.
3. Vipimo vyote vya hapa chini vinafanyika bila umeme. Multimita kwenye kipimo cha omu inatumia betri yake yenyewe. Usiichomeke kwenye kitu chenye umeme ikiwa kwenye omu.

Nimechagua raiskuka rahisi, ile yenye kitufe kimoja cha kubonyeza, kwa sababu maalumu: kwa kawaida ndani yake hakuna kitu kinachohifadhi umeme. Kompyuta, televisheni, chaja kubwa na amplifaya ni habari nyingine. Saketi zao za umeme zina kapasita zinazochajiwa hadi kilele cha volti 230, ambacho ni kama volti 325, na baadhi hubaki zimejaa hata baada ya kuchomoa. Maikrowevu ndiyo mbaya kuliko zote: ina kapasita ya volti maelfu, na imeshaua watu waliokuwa na uzoefu. Hiyo usiifungue kabisa.

Kupima kabla ya kubadilisha

Usinunue kitu kabla ya kujua mgonjwa ni nani. Anza kwa macho na pua. Plastiki nyeusi, pini iliyobadilika rangi, harufu ya samaki au ya plastiki iliyoungua, vyote ni ushahidi.

Kisha gusanisha ncha mbili za multimita zenyewe kwa zenyewe. Haitasoma sifuri. Itasoma labda 0.3. Huo ni ukinzani wa waya za multimita, uukumbuke ili uutoe kwenye majibu yako.

*Waya.* Pima kila njia kutoka kwenye pini ya plagi hadi kwenye kitundu chake cha upande wa pili. Njia zote tatu zisome karibu na sifuri. Wakati unapima, upinde waya huku na huku, hasa karibu na vichwa vyake. Namba ikirukaruka, waya umekatika ndani. Kama njia ya moto tu haisomi, kagua fyuzi iliyo ndani ya plagi kwanza.

*Ethi ya raiskuka.* Weka ncha moja kwenye pini ya kati ya kiingilio, nyingine kwenye chuma kilicho wazi cha bati la nje au bamba la kupashia joto. Rangi ni kihami, kwa hiyo tafuta skrubu au sehemu isiyopakwa. Ukishatoa ukinzani wa waya za multimita, jibu liwe karibu na sifuri; wakaguzi wa vifaa vya umeme hutaka lisizidi sana omu 0.1. Ikionyesha OL au ile 1 ya pembeni, maana yake ethi haipo.

*Mvujo.* Weka multimita kwenye kipimo chake kikubwa kabisa cha omu. Pima kutoka pini ya moto hadi bati, kisha kutoka nyutro hadi bati. Zote zionyeshe OL. Namba yoyote inayotulia hapo, kama ile 60 yangu ya kiloomu, ni onyo. Lakini fahamu udhaifu wa kipimo hiki: multimita inasukuma volti chache tu, na kuna mivujo inayojitokeza volti zikiwa nyingi tu. Mafundi hutumia mashine inayosukuma volti 500 na kutaka jibu lisilopungua megaomu 1. Kwa hiyo multimita ikikuambia "ni mbovu", iamini. Ikikuambia "ni nzima", iamini nusu. Nusu nyingine ni ya ethi.

*Moto kwa nyutro.* Hiki ndicho kipimo ninachokipenda, kwa sababu unaweza kutabiri jibu kabla ya kupima. Ukinzani ni volti mara volti, ukigawanya kwa wati. 230 × 230 ni 52,900. Kwa hiyo raiskuka ya wati 400 isome kama omu 132, ya wati 700 kama omu 76, na ya wati 1,000 kama omu 53. Weka sufuria ndani, bonyeza kitufe cha kupikia, halafu pima kati ya pini mbili za pembeni. Ya mama ilisoma 76 kasoro kidogo. Unapoona namba uliyoipigia hesabu kwenye karatasi inajitokeza kwenye kioo cha multimita, unapata raha fulani ambayo sijui nikuelezeje.

Jibu likiwa sifuri, kuna shoti na usiichomeke. Likiwa OL, tatizo linaweza kuwa si kiingilio kabisa bali fyuzi ya joto, kile kijidude chini ya bamba kinachojikata raiskuka ikipata joto la kupita kiasi. Ibadilishe kwa ile yenye nyuzi na ampea zilezile. Kuna watu huiruka kwa kuunganisha waya moja kwa moja. Hiyo ni kuondoa kitu cha mwisho kinachosimama kati ya raiskuka iliyosahaulika na moto jikoni.

Kubadilisha

Fungua kifuniko cha chini. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa kitu chochote, pande mbili au tatu. Kisha chomoa waya mmoja mmoja. Shika kibano chenyewe kwa koleo, usivute waya.

Kagua kila kibano. Kile kilichobadilika rangi au kulegea, kata sentimita moja au mbili mpaka uone shaba inayong'aa, kisha bana kipya. Baada ya kubana, vuta kwa nguvu. Kikitoka, kilikuwa hakijabanwa. Usichomee kwa risasi hapa. Risasi ya kawaida ya mafundi inayeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, na mahali hapa ndipo mguso ukilegea unapozalisha joto. Ikilainika, waya unaachia. Na tepu ya nailoni isikae humo kama kihami cha kutegemewa, gundi yake inalainika na tepu inajifungua. Rudisha soksi za kuzuia joto kwenye kila waya, na zisiguse bamba.

Funga kiingilio kipya, kisha unganisha ethi kwanza. Si kwamba umeme unajali mpangilio. Ni kwamba wewe unajua kujisahau. Moto na nyutro hutavisahau kamwe, kwa sababu bila hivyo kifaa hakiwaki. Upande wa pili, waya wa ethi ubanwe kwenye chuma kilichosafishwa, kwa skrubu yake yenyewe na washa ya meno. Kisha moto kwenye L, nyutro kwenye N, kama picha yako inavyoonyesha. Mpangilio huo una maana, kwa sababu fyuzi ya joto inapaswa kukata upande wa moto.

Kupima tena, kabla ya kuchomeka

Funga kifuniko. Sasa rudia vile vipimo vitatu: pini ya kati hadi bati, karibu sifuri, pini za pembeni hadi bati, OL, pini za pembeni zenyewe, ile namba uliyoipigia hesabu. Dakika mbili hazifiki. Mimi siku ile ya kwanza nilikuwa na multimita kwenye begi. Sikuitoa, kwa sababu wali ulikuwa umeiva.

Safari ya pili nilibadilisha bamba lote la kupashia joto kwa sababu ya ule mvujo, nikafunga ethi na kibano cha yule mzee. Jibu la pini ya kati hadi bati: 0.3, sawasawa na waya za multimita zikigusana zenyewe.

Ethi haiishii kwenye raiskuka

Nilikuwa nakusanya zana niondoke ndipo nikaangalia waya wenyewe. Plagi yake ilikuwa ya miguu miwili ya duara, aina inayokuja na vifaa vingi vya kutoka nje. Na ili iingie kwenye soketi yetu ya matundu matatu, mama alikuwa anafanya kile tunachofanya wote: anasukuma kofia ya kalamu kwenye tundu la juu, milango ya chini inafunguka, plagi inaingia.

Soketi zetu zinafuata mtindo wa Uingereza, BS 1363. Mguu wa juu wa plagi yake ndio ethi, na umefanywa mrefu kuliko mingine ili uingie kwanza, ufungue milango ya matundu yenye umeme, na uunganishe ethi kabla ya kitu kingine chochote. Ukitumia kalamu, unaifungua milango na kuiacha ethi nje. Kazi yangu yote ya ndani ilikuwa inaishia hewani kwenye plagi. Nikanunua waya wa miguu mitatu, umeandikwa 3×0.75 mm², na fyuzi ya ampea 5 ndani ya plagi badala ya 13. Kwa mkondo wa ampea 3 inatosha kabisa.

Mnyororo bado una kiungo kimoja: soketi ya ukutani na nondo iliyopigwa ardhini. Kipimo cha hapo kinafanyika umeme ukiwepo, kwa hiyo kama hujazoea, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwombe mambo mawili: athibitishe ethi ya soketi, na akuambie kama nyumba ina breka ya mvujo ya miliampea 30. Sababu ni hii. Nondo ya ardhini ikiwa na ukinzani wa omu 20, hata shoti kamili kati ya moto na bati itapitisha ampea 11.5 tu, na breka ya ampea 16 itatulia. Breka ya mvujo inalinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 inakata mara moja. Kwa nyumba inayotegemea nondo, ethi na breka hiyo ni mtu na pacha wake.

Mahali pa kusimama

Usifanye kazi hii kama bati la nje limetoboka au lina kutu ya kupenya, kama kifaa kimeingia maji ndani, kama multimita inaonyesha mvujo na hujui unatoka wapi, au kama hakuna mtu mzima mwingine nyumbani. Na kifaa kikikutekenya, hata kidogo, hata mara moja, usitafute ndala. Zima ukutani, chomoa, kipime.

Mama bado anaitumia raiskuka yake. Chini yake nimebandika kikaratasi chenye tarehe na zile namba tatu, na kila nikienda likizo nazipima upya huku akinicheka. Kama kwenu kuna kifaa cha bati chenye waya wa kuchomoa, na hasa kama kimewahi kupita mikononi mwa fundi, au mwa mtoto wa nyumbani aliyesoma fizikia, kichomoe leo uanze na kipimo kimoja tu: pini ya kati hadi bati.